Aliyeketi Kunywa Maziwa

Katika chumba cha uzazi cha hospitali moja ndogo pale Mapendo, mjini Goma, wakunga bado hunyamaza kidogo mwanamke anapoanza kusukuma. Ni mazoea tu. Walizoea kwamba hapo ndipo wimbo ungeanza, wimbo usio na maneno, wa midomo iliyofumbwa, uliopanda na kushuka pamoja na pumzi ya mwenye uchungu. Sasa wakinyamaza hawasikii kitu, ila matone ya maji yakianguka ndani ya kidumu na honi za pikipiki huko barabarani. Kisha mmoja husema, "Haya, mama, sukuma," na kazi huendelea.

Aliyekuwa akiimba ni Généreuse. Alikuwa mkunga mrefu, mtulivu, mwenye mikono baridi ambayo kila mzazi aliilalamikia kwanza, kisha akakataa isimwachie. Wenzake walimjua kama Mnande wa Butembo, mke wa Julien muuza vitambaa, mama wa Bénie. Mwanamke akilia kwa Kinande, alimjibu kwa Kinande. Akilia kwa Kishi, lugha ya Bashi, alikuwa na maneno machache ya kuokoteza, na aliyatamka vibaya makusudi ili mwenzake acheke katikati ya maumivu. Lakini akilia kwa Kinyarwanda, Généreuse aligeuka na kusema:

"Muniitie Papa Labo. Huyu simusikie."

Papa Labo ni Adalbert Ndayambaje, mtu wa Masisi, mpimaji wa damu wa hospitali. Alikuja na glavu zake mikononi, akasimama nje ya pazia kwa heshima, akatafsiri kwa sauti ya juu kama mtu anayesoma tangazo kanisani.

"Anasema anakufa!"

"Umuambie hafe."

"Anasema amechoka!"

"Umuambie hata mimi nimechoka, lakini tutamaliza."

Watu walicheka, hata mzazi mara nyingine. Na Généreuse, ambaye hakuhitaji kutafsiriwa hata neno moja, alisubiri kila neno lizunguke pazia limrudie. Hapo katika kusubiri ndipo alipoimba. Wimbo ule haukukosa maneno. Maneno yake yalikuwa ya Kinyarwanda, na alikuwa ameyafungia mdomoni.

Alizaliwa kwenye milima ya Masisi, akaitwa Mukashyaka. Nyanya yake alikuwa na ng'ombe wachache na sheria nyingi. Vita vya wakati ule vilipofika kilimani kwao, watu walitawanyika, na mtoto akajikuta amelala kwenye sakafu ya hospitali ya misheni, mbali, pamoja na wagonjwa wasiomjua. Muuguzi mmoja, Mama Thérèse, Mnande asiye na binti, alimchukua akaenda naye Butembo. Alimpa jina la Masika, linalopewa binti wa kwanza wa nyumba, na la ubatizo, Généreuse, akamwambia kitu kimoja tu: "Unyamaze kwanza, mwanangu, mpaka lugha yetu ikuingie." Ilimwingia. Ilimwingia mpaka akawa anaota kwa Kinande, anahesabu kwa Kinande, na Mama Thérèse alipofariki akamlilia kwa Kinande, bila kujilazimisha. Kwa hiyo aliposema kuwa ni Mnande hakuwa anadanganya. Alikuwa anasema nusu, na nusu ile ilikuwa kweli tupu.

Julien, mumewe, aliijua nusu ya pili. Généreuse alimwambia kabla ya ndoa, na Julien akafikiri siku moja nzima, kisha akasema, "Mimi naoa wewe. Lakini kaka asijue." Kaka ni Josias, mkubwa wa ukoo, mwenye kiwanja pale Mapendo, ambaye aliwapa nyumba ya mbao iliyo nyuma ya yake, ua mmoja, choo kimoja, bomba moja. Mtoto wa kwanza wa Josias aliuawa njiani upande wa Rutshuru akiwa na lori la viazi. Waliookoka walisema wauaji walizungumza Kinyarwanda. Ni lugha ya watu wengi, ya waliouawa njiani humo vilevile, lakini Josias hakupata kitu kingine cha kushika ila lugha hiyo. Kwenye matanga alisimama mbele ya watu akasema hakuna mwenye kuizungumza atakayekanyaga uani kwake. Généreuse alikuwa jikoni siku hiyo, amefunga kitenge cha msiba, akikoroga bugali ya waombolezaji. Hakuacha kukoroga. Usiku ule aliongoza nyimbo za kilio kwa Kinande, na Josias alimshika mkono akamwambia, "Wasingya, shemeji." Asante.

Tangu hapo aliishi kama mtu aliyebeba maji kichwani kwenye mawe ya lava, akipima kila hatua. Hakusikiliza redio fulani. Sokoni hakugeuka mtu akiita jina linalofanana na lake la kale. Mawazo yake yote yalikwenda kwenye ua ule mmoja: Bénie acheze na binamu zake, Julien asitenganishwe na kaka yake, na yeye mwenyewe awe na mahali pa kurudi jioni.

Ndipo ikaja Siku ya Utofauti.

Aliyeileta ni Mama Patricia, mkuu wa wauguzi, mama wa kimo kifupi na nia kubwa. Hakuileta kwa upuuzi. Tangu vita vilipoingia mjini, alikuwa akiangalia wafanyakazi wake wakila chakula cha mchana. Zamani walikaa kwenye benchi lolote. Sasa walikaa kwa lugha. Mtu akiingia, mazungumzo ya benchi moja yalishuka, na mtu wa benchi la pili alijifanya anaangalia simu. Wafadhili waliposema kwamba mwezi wa tano dunia nzima huadhimisha tamaduni, na kwamba hospitali ingeweza kupata mchango kidogo wa sherehe, Mama Patricia aliona mlango.

"Kila kikundi kitavaa ya kwao, kitapika ya kwao, kitaimba ya kwao," aliwaambia kwenye mkutano wa Jumatatu. "Kisha tutaonjana. Nachoka kuona muko munaogopana kama wagonjwa wa kolera."

"Na sisi wa mama huku, baba kule?" akauliza mmoja.

"Unafuata baba. Baba yako akikukataa, uje kwangu, Bashi tuko na nafasi."

Chumba kizima kikacheka. Généreuse alicheka pia, kisha akamfuata Mama Patricia kwenye korido.

"Mama Patricia, siku ile unipange kwenye zamu. Wengine wafurahi, mimi nitabaki na wazazi."

"Wewe? Wewe ndiwe sauti ya hospitali, unataka kujificha na plasenta? Nimeomba wakunga wa hospitali ya jirani watushikie zamu. Hapana kukimbia."

"Basi uniweke kwenye kikundi cha Goma. Mimi siku nyingi niko mutu wa Goma."

"Goma si kabila, mama. Goma ni mawe." Akampiga begani kwa upendo. "Utaimbisha Wanande. Wamekwisha kukuchagua."

Ni kweli walikuwa wamemchagua. Kwa majuma mawili walifanya mazoezi nyuma ya chumba cha jenereta, naye akawafundisha wimbo wa mavuno aliofundishwa na Mama Thérèse, akiwasahihisha vijana waliokulia mjini, waliokuwa wakikata maneno vibaya. "Kumbe Kinande chenu ni cha boda," aliwatania. Walimpenda. Alirudi nyumbani na sauti iliyokauka na kumwambia Julien kwamba labda ingepita tu, kama mvua inavyopita. Julien alikuwa akikunja vitambaa. Alisema, "Uimbe, uonje, urudi." Alisema kama mtu anayempa mtoto maagizo ya kuvuka barabara.

Siku yenyewe jua lilitoka mapema na kukaa. Meza zilipangwa uani, juu ya mawe meusi yaliyosawazishwa kwa mchanga. Bashi walileta ndizi na samaki wadogo wa ziwani. Wanande walileta sombe ya majani ya muhogo na chungu cha maharagwe, na chini ya meza, mahali ambapo Mama Patricia alikubali asipaone, kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Wahunde walivaa raffia na kupiga ngoma mpaka wagonjwa waliolazwa wakasogea madirishani na dripu zao. Watu wa Kinyarwanda walikuwa wachache kwenye meza ya mwisho, na mwanzoni hakuna aliyekwenda huko. Adalbert alikuwa amevaa shuka begani, ameshika fimbo, na mbele yake kulikuwa na jibini la Masisi lililokatwa vipandevipande na vyombo vya mti vilivyojaa maziwa.

Généreuse aliimba. Wale waliokuwapo wanasema hawajasikia sauti ile ikitoka hivyo, mdomo wazi. Wanande waliruka, Bashi wakaingia kati, hata daktari mkuu akaonekana akitikisa bega moja kwa tahadhari. Na Mama Patricia, machozi yakimtoka, aliinua simu yake na kuanza kuchukua video, akipaza sauti: "Sasa kuonjana! Kila mutu ahame meza! Sitaki kuona mutu anakula ya mama yake!"

Watu wakahama. Adalbert, ambaye alikuwa na asili ya uchekeshaji, aliona meza yake imepata wageni hatimaye, akaamua kuwapa mchezo kamili. Alimpa kila mmoja chombo cha maziwa na kumsalimia kwa salamu ya wazee wa kwao, ya kumtakia mtu makundi ya ng'ombe:

"Amashyo!"

"Ati nini?" akajibu mhasibu, akapokea kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu, akanywa amesimama kama mtu kwenye baa.

"Amashyo!"

"Amina," akajibu mlinzi wa geti, na watu wakaanguka kwa kicheko.

"Nyinyi hamutapata hata mbuzi!" Adalbert aliwaambia.

Généreuse alikuwa wa sita au wa saba. Alikuwa amechoka. Jua lilikuwa kichwani, wimbo ulikuwa bado unamtetema kifuani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hakuwa anapima hatua. Chombo kilipomfikia, harufu ilitangulia, harufu ya mti uliofukizwa moshi wa majani ili maziwa yakae vizuri. Hakuwa ameinusa harufu ile tangu utoto. Mikono yake yote miwili ilitoka ikakipokea. Miguu yake ikatafuta mahali. Kwa nyanya yake mtu hakunywa maziwa amesimama, hata angekuwa anafukuzwa, na miguu ilikumbuka jambo ambalo kichwa kilikuwa kimelifungia. Aliketi kwenye ukuta mfupi wa mawe, magoti pamoja, akanywa polepole bila kupuliza povu, akafuta ukingo kwa kiganja, na hakukiweka chini. Alikirudisha kwa mikono miwili.

Adalbert alikuwa bado katikati ya mchezo wake. "Amashyo!" alisema, akicheka.

"Amashongore," alijibu Généreuse.

Ni jibu lake. Hakuna jingine, na halifundishwi ukubwani kwenye sherehe.

Kisha meza ya mwisho ikalipuka. "Kumbe uko wa kwetu!" Wanawake wa pale walimkumbatia, mmoja akamfunga shuka begani, Mama Patricia akapiga vigelegele na simu yake mkononi ikiendelea kuchukua. "Munaona? Munaona sasa! Hii ndiyo siku yenyewe!" Kila mtu alipiga makofi. Généreuse alikuwa ameketi palepale ukutani, uso wake ukitabasamu peke yake, kwa kuwa hakujua uso mwingine wa kuvaa. Kwenye meza ya Wanande, wale vijana wa mazoezi walipiga makofi pia, lakini polepole zaidi, na mmoja alianza kukusanya sahani.

Jioni, Généreuse alimkuta Adalbert kwenye bomba la hospitali akiosha vyombo vyake vya mti. Angeweza kupita upande wa pili. Alisimama.

"Mukashyaka?" alisema Adalbert bila kuinua kichwa. "Au nani? Kwetu jina hilo ni jingi, nimejaribu tu."

Généreuse aligeuka haraka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake.

"Sikuulize kwa nini. Kila mutu hapa iko na sababu yake, hata mimi barabarani niko Muhunde siku fulani." Alimwaga maji, akajaza tena. "Lakini yule mama wa Rumangabo. Unamukumbuka?"

Alimkumbuka. Mwanamke alikuwa amefika kwenye pikipiki, peke yake, akisema kwamba mtoto hachezi tena tumboni. Umwana ntagikina. Alilisema mara nyingi, kwa sauti ndogo.

"Mimi nilipofika kutafsiri," Adalbert aliendelea, "daktari alikuwa amekwisha kuitwa, na wewe uko na kile chombo sikioni unasikiliza moyo wa mutoto. Nikasema, huyu mama iko na akili ya ajabu. Mutoto alipona. Sina neno juu ya mutoto." Hapo ndipo alipomtazama. "Lakini alikuwa anakuita dada. Amekushika nguo, anakuita dada, anakuomba neno moja tu la kwao. Na wewe unamuangalia kama ukuta. Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Ulisikia yote?"

"Yote, Papa Labo."

Alitikisa kichwa, akafungia vyombo ndani ya gunia. "Basi yule aliyelia na ukuta ndiye wa kukusamehe, si mimi," alisema, akaondoka.

Video ilikuwa imetangulia kufika nyumbani. Mama Patricia aliiweka kwenye WhatsApp yake na maneno ya shukrani kwa Mungu, mioyo mitatu myekundu na bendera. Mke wa mhasibu aliituma kwa dada yake, dada akaituma kanisani, na kabla ya giza kuingia Josias alikuwa ameitazama, akaitazama tena. Généreuse aliposukuma geti alimkuta kwenye kiti cha plastiki katikati ya ua. Julien alikuwa amesimama kando yake, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Shemeji, karibu," alisema Josias. Alisema karibu. Hilo ndilo lililomwogopesha. "Julien anasema alijua. Miaka yote hii alijua."

"Alijua, kaka."

"Uliimba kwenye kilio cha mutoto wangu."

"Niliimba kwa roho yangu yote."

"Najua. Ingekuwa uongo ningekufukuza na kelele, na majirani wangesikia, na ningelala vizuri." Alipangusa uso kwa kofia yake. "Hukunifanyia baya. Mke wangu anakulilia mule ndani. Lakini nilisema neno mbele ya watu, na mutoto wangu iko chini ya udongo, na kila nikikuona kwenye bomba nitasikia ile lugha hata ukinyamaza. Mimi nifanye namna gani? Uniambie wewe. Umesoma."

Ua ulikuwa mdogo. Bénie alikuwa akichota maji pale bombani na binamu zake, wakisukumana, wakimwagiana, na watu wazima watatu wakawatazama kwa muda, wakishukuru kwamba kulikuwa na kitu cha kutazama.

Hakufukuzwa, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kulaumu. Aliendelea kulala pale wiki kadhaa, akiamka kabla ya wengine ili kuchota maji bila kuonwa. Na hospitalini mambo yaligeuka kwa njia ambayo hakuitarajia. Watu wa meza ya mwisho walimdai kuwa ni wao. Walimwita Mukashyaka, jina alilolibahatisha Papa Labo, kwenye korido kwa sauti kubwa, kwa furaha, kila mara likimpiga kama mlango. Wale wa mazoezi walimsalimia kwa Kiswahili, wao waliokuwa wakimsalimia kwa Kinande, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Mama Patricia peke yake hakubadilika. Alikuwa na wazo. Wafadhili wangekuja kutoka mbali, na alitaka Généreuse asimame mbele yao aeleze maisha yake.

"Utavaa kitenge huku, shuka huku," alisema, akijionyesha mabega mawili. "Wewe ndiwe utofauti wenyewe, mama! Watalia!"

"Na nikisema nini?"

"Useme ukweli. Kwamba sasa uko huru."

Wakati huohuo kulikuwa na mwanamke anayelia kwenye chumba cha uzazi, kwa Kinyarwanda. Généreuse aliingia. Hakuna aliyekimbia kumwita Papa Labo. Hapakuwa na haja tena. Wakunga wenzake wote waligeuka kumtazama, wakingoja asikike akizungumza, kama watu waliolipa kiingilio. Alishika mkono wa yule mwanamke. Alifungua mdomo. Neno halikutoka, wala la lugha moja wala la nyingine, na wimbo pia haukutoka. Mtoto alizaliwa katika kimya hicho. Siku iliyofuata aliomba kuhamishwa, na Mama Patricia alilia, akisema hakuelewa kosa lake ni lipi. Généreuse alimkumbatia na kumwambia hakuna kosa. Alimwambia hivyo kwa sababu alikuwa amelitafuta na hakuliona.

Julien alibaki Mapendo, kwenye nyumba ya nyuma, kwa kuwa duka ni la kaka yake na kwa kuwa kaka yake ni mzee sasa. Jumapili humpakia Bénie kwenye pikipiki wakapanda barabara ya kaskazini, na maharagwe kwenye mfuko, na kipande cha kitambaa mara nyingine. Bénie huuliza watarudi lini wote pamoja. Kila mmoja humwachia mwenzake ajibu.

Généreuse yuko Kibati. Anafanya kazi kwenye kituo cha afya kando ya barabara, zamu ya mchana, na anapanga chumba kwa mjane mmoja nyuma ya kanisa. Walimpokea kama Mukashyaka, mtu wa Masisi, na hakuna aliyeuliza zaidi. Wanawake wengi wanaofika hulia kwa Kinyarwanda, naye huwajibu. Mara mojamoja hufika mmoja anayelia kwa Kinande. Huyo Généreuse humshika mkono, na hutuma mtu amwite mlinzi wa geti, mzaliwa wa Beni, aje atafsiri.